Kornelia na Kufuli la Choo cha Soko

Geuza uso huku, wewe unayeangalia pembeni! Ndiyo, wewe, uliyenunua ndizi kwa mwanamke aliyebana miguu tangu alfajiri, ukadai na nyongeza, usimwulize mbona midomo imemkauka. Wenye kumbukumbu hatusahau. Sasa tega sikio, usikie ushujaa ulioufanya mlima wenyewe uvue kofia yake ya mawingu: siku Kornelia, Mama Godbless, simba jike wa mikungu ya ndizi mshare, alipokwenda kukojoa.

Usicheke. Falme zimeanguka kwa madogo kuliko hayo.

Katika soko lile la mteremkoni choo kipo, na matofali yake waliyabeba wauza ndizi wenyewe vichwani. Lakini mlangoni lilining'inia joka la chuma, kufuli, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwa Basili, msimamizi wa soko, amiri jeshi wa harufu, aliyetangaza kwamba choo ni cha wageni wa serikali. Wageni wenyewe hawajaonekana tangu kipakwe rangi. Basi wanawake wakajifunza kutokunywa maji mchana kutwa, na humo ndani, katika giza la figo la Kornelia, adui akapiga kambi.

Jiwe la kwanza lilishuka kama mkuki wenye meno. Kornelia, aliyezaa bila kuguna, alitambaa sakafuni akiwaita mababu mmoja mmoja. La pili bado limo, punje tu.

"Mama, mkojo wako ni mchache na una asidi nyingi, humo mawe hujijenga," daktari wa Moshi alimwambia. "Kunywa maji, tia limau. Limau lina sitrati, nayo huyakamata madini ya chokaa mkojoni kabla hayajashikana yakawa jiwe. Punje hii ikikua ikaziba njia, figo hili utalipoteza."

Ndipo siku ya soko shujaa akaliinua jagi lake mbele ya umati, akanywa.

"Shoga, mkojo mchachu halafu unauongezea limau?" akauliza Maulida, muuza dagaa wa Majengo. "Si ndiyo kuzima moto kwa petroli?"

"Ewe binti wa Majengo, jua hili! Limau ni kali ulimini tu. Likishafika mwilini ukali wake huungua, na kinachobaki huupooza mkojo. Ni kama mama mkwe wangu: mlangoni anafoka, akishaingia ndani anaosha vyombo."

"Haya. Na hayo maji yatatokea wapi?"

"Hapo ndipo penye vita."

Akachomoa kwenye kanga jani la isale lililofungwa fundo: jani lile ambalo huku mlimani hushusha mapanga yaliyoinuliwa mipakani, na anayeletewa na mwomba radhi hathubutu kukataa. Akalipeleka kwa mikono miwili hadi kwa Basili, aliyeketi mlangoni pa choo.

"Shikamoo, mzee Basili."

"Marahaba. Ufunguo sitoi."

"Sijaomba ufunguo. Nimekosa, nimekuja kuomba radhi."

"Kosa gani?"

"Nimekunywa maji."

Maulida akaanguka kutoka juu ya gunia. "Msamehe, mzee! Hatarudia mpaka kesho!"

"Isale kwa ajili ya mkojo!" Basili akanguruma. "Unawatukana wazee?"

"Wazee walikojoa, mzee wangu. Ndiyo maana walizeeka."

Basili akalitazama jani, akawatazama wanawake waliokwisha kusimama. Akilikataa isale mchana kweupe, nani atakuja kumzika? Akauvua ufunguo polepole, kama mfalme avuaye taji.

Mlango ukalia. Kornelia akaingia. Kisha ikasikika mvua ya masika, ndefu, isiyo na haraka, na vigelegele vikapanda hadi migombani. Kornelia akatoka na uso wa mtu aliyeteka mji.

"Kufuli langu?" Basili akanyoosha mkono.

"Limetangulia," akasema, akionyesha shimo la choo.

Na iandikwe hivyo katika historia. Lakini punje bado imo, na katika soko lako kufuli bado linaning'inia. Inuka! Okota hilo limau linalooza chini ya migomba yako, kunywa maji hadharani, kisha kaulize ufunguo uko shingoni mwa nani. Si kesho, leo hii. Makufuli hayajui kuogelea.