Somo Langu la "Get" Kule Lewisham

Leo nimefedheheka, jamani.

Nilikuwa na somo la majaribio katika ukumbi wa kanisa moja hapa Lewisham: kuwafundisha Kiingereza watu wazima wanaozungumza Kireno. Msimamizi, Bi. Margaret, ambaye pia ni mzee wa kanisa hilo, angeketi nyuma. Nikifaulu, darasa ni langu. Nikishindwa, anapewa mwingine. Nami, mwanafunzi wa uzamili katika isimu, nikachagua neno dogo: "get". (Nani alinituma?)

Nilianza vizuri. Kupata barua, "get". Kufika nyumbani, "get". Kuchoka, "get". Kupanda basi, "get". Mbrazili mmoja, Thiago, akainua mkono.

"Mwalimu, kwetu hayo ni maneno manne tofauti. Nitajuaje hili ni lipi?"

Swali zuri mno! Nilikuwa nimeliandalia jibu lenye vipengele na vighairi. Likayeyuka lote. Sasa, nina tabia moja: nikibanwa, ninajisemesha kwa Kiswahili. Kwa sauti. (Hapa London niliamini ni sawa na kunyamaza.) Nikaugeukia ubao.

"Tulia, mjinga wewe. Andika chochote. Hawajui kwamba hujui."

Nikaandika chochote.

"Na 'get over it' je?" akauliza Thiago.

"Mola wangu, huyu leo ameamka na mimi! Na Margaret ananikodolea macho. Hata kuzimia siwezi, suruali imenibana."

Mama mmoja wa mstari wa mbele, Dona Fátima, akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio.

Bi. Margaret akasimama. "Kuna nini? Na mwalimu anasema nini huko ubaoni?"

"Anaomba," Dona Fátima akamjibu kwa Kiingereza. "Kila akiulizwa swali, kwanza anamwomba Mungu. Nimefurahi tu kumwona kijana wa namna hii."

Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili kisicho na doa: "Endelea, mwanangu. Ila suruali kanunue nyingine."

Nikaishika meza. "Mama, kwenu wapi?"

"Pemba. Si ile yenu, hii ya Msumbiji. Pwani yetu Kiswahili twakijua."

(Nimewahi kuandika insha nzima kuhusu Kiswahili cha kaskazini mwa Msumbiji! Nzima!)

Sikuwa tena na cha kuficha. Nikamwambia Thiago asilitazame "get" peke yake, atazame neno linalolifuata. Akaandika, akaridhika. Kumbe jibu lilikuwa fupi hivyo.

Darasa nimepewa. Bi. Margaret alinishika mkono, machozi yakimlengalenga, akasema hajapata kuona mwalimu mwenye imani kama yangu. Jumapili nitaongoza sala mbele ya waumini wote. Kwa Kiswahili, amesisitiza, kama ninavyoomba siku zote.

Dona Fátima amejitolea kutafsiri.

Ndugu zangu, nawasihi, asicheke mtu kabla ya Jumapili.