Dakika Arobaini na Moja za Giza

Jumatatu, 4 Machi

Albamu imekamilika! Nyimbo saba, dakika arobaini na moja, hakuna mwimbaji, hakuna matumaini. Jina lake: Shimo Lisilo na Ngazi. Besi niliirekodi kutoka kwenye friji la mteja lililokuwa linakata roho karakana kwangu. Na mashine yangu ya kupanga mapigo! Unaibonyezea noti kumi na sita, inazirudia na kuzirudia mpaka uizime mwenyewe. Albamu nzima imo humo ndani, nayo haichoki, haiombi chai. Mpiga gitaa gani yuko hivyo?

Mke wangu amesikiliza dakika mbili, akauliza kama bomba limepasuka. Kisha akanipa habari: mama yake anahamia kwetu Ijumaa, na chumba cha mashine ndicho atakachopewa. Mashine iende karakana, kwenye vumbi na panya. Nimelia sana. Akaweka sharti: nikimpata mtu mmoja tu, asiye ndugu, akaisikiliza albamu mpaka mwisho kwa hiari yake, mama atapewa chumba chetu na sisi tutalala sebuleni. Mtu mmoja! Nimekubali kabla hajageuza maneno.

Jumanne, 5 Machi

Nimefikiri usiku kucha. Mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi haondoki. Kinyozi akakubali kuipiga dukani. Na nani yuko kitini? Vidole! Tuliwahi kuwa bendi moja. Siku hizi anapiga kinanda kwenye harusi na anajiona kweli kweli. Akasema albamu ni nzuri, ikianza aamshwe.

Wimbo wa tatu mapigo yanaongezeka kasi polepole. Sikujua kuwa mkono wa kinyozi hufuata mapigo. Vidole ametoka na barabara nyeupe katikati ya kichwa, na Jumamosi ana harusi. Nikafukuzwa dakika ya kumi na mbili. Nimesikitika mno. (Sijasikitika hata chembe.)

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Karibu.

Jirani yetu, dereva mstaafu, ni mtu wa adabu zake. Nikamkaribisha, nikafunga mapazia, nikampa kiti chenye mto. Akakaa mikono magotini mpaka dakika ya mwisho, hata kukohoa hakukohoa. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akamuuliza mzee ameuonaje muziki. Mzee akajibu kwa upole kwamba yeye hana haraka, nikimaliza kujaribu mitambo nianze tu.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia sharti lilisema kusikiliza, halikusema kuelewa. Akasema kusubiri si kusikiliza. Mahakama gani hii, hakimu ni binti wa anayetaka chumba!

Alhamisi, 7 Machi

Tumeingiza kitanda. Mke wangu amesema sikio la kufa halisikii dawa. Maneno ya kweli kabisa, mtaa huu umejaa masikio ya namna hiyo.

Lakini mashine sijaitoa. Nimeifunika kwa kitambaa cha maua, juu nikaweka taa na chombo cha maua. Sasa ni meza. Mama mkwe atajuaje?

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Nikamwamkia, nikabeba mizigo, nikawa mkwe wa mfano. Saa nane mchana mke wangu akatoka kwenda dukani, mama akaingia kujilaza na kufunga mlango. Nadhani alipapasa swichi ya taa. Akabonyeza yangu.

Mungu wangu! Wimbo wa kwanza, nyumba nzima inatetema. Niingie chumbani mama mkwe amejilaza? Bora nife. Nikakimbia kuzima umeme wa nyumba nzima. Mashine ikaendelea. Ina betri, niliiweka mwenyewe mwaka jana na nikajisifu kwa kila mtu. Nikakaa koridoni jasho linanitoka. Dakika arobaini na moja zikaisha, ikaanza tena.

Saa tisa na nusu mlango ukafunguka. Nikaanza kuomba radhi, akainua mkono. Akasema mara ya kwanza ameisikiliza yote ameketi kitandani. Mara ya pili amelala. Tangu baba mkwe afariki hajapata usingizi wa maana, kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya mpaka kinauma. Hii, akasema, ni kama kuna mtu chumba cha pili anaendelea na kazi zake, na hana mpango wa kuondoka. Macho yake yalikuwa na machozi. Akaomba mashine isihamishwe. Nikaenda kurudisha umeme, nikafuta macho njiani. Labda vumbi.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu ameniuliza, kwa sauti laini ambayo sijaisikia siku nyingi, kama sasa nimeridhika. Niridhike na nini? Mama ni ndugu, na sharti lilisema asiye ndugu. Isitoshe hakuogopa hata kidogo. Amelala! Albamu ya giza, mtu analala!

Asubuhi mama mkwe aliacha mlango wazi, akaweka viti viwili, akaniita tuisikilize pamoja toka mwanzo. Nimemwambia anisamehe, sina nafasi leo. Nawahi kwa daktari wa meno. Wagonjwa wake hukaa kitini saa nzima, midomo wazi, na hawawezi kusema lolote.