Silinda ya Nne

Jumatano, 8 Februari 1984

Pijo, gari langu, imeanza kumisi: injini inaruka mapigo. Tukutuku-pwa! Tukutuku-pwa! Nimetoka Ngamiani hadi Makorora natetemeka kama mwenye homa. Watoto wamenipigia makofi. Na Jumapili nimeahidi kumpeleka mjukuu wangu kwa mumewe Tongoni, tena kabla ya saa nane, maana Jumapili baada ya hapo gari binafsi marufuku barabarani, serikali inabana petroli. Mke wangu Mwanamkasi kasema isipopona kufikia Jumamosi, bibi harusi atapanda Pijo ya jirani Esmailji, mwenye duka. Esmailji! Gari analifuta kila asubuhi, lakini boneti hajui hufunguliwa wapi. Nife kwanza.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeitibu mwenyewe. Injini inanguruma, nachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Wa kwanza: injini ikalegea. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, nusura izime. Wa nne: haina habari! Basi silinda ya nne ndiyo maiti. Waya wake ukanipiga shoti hadi kwapani. Vizuri! Waya unaouma namna hii ni mzima. Mbovu ni plagi.

Plagi mpya Tanga nzima hakuna. Fundi Timotheo akapita, akauliza kama namhitaji. Nikamwambia nilishika spana kabla mama yake hajaolewa. Akacheka: shikamoo babu, ukikwama niite.

Nikajipongeza kwa kipande cha papa mkavu. Namficha nyuma ya betri, ndani ya gazeti. Tangu daktari ataje presha, Mwanamkasi hanipi chumvi hata ya kulamba. Chini ya boneti pana joto, na hakuna mwanamke wa nyumba hii anayechungulia humo. Ila papa kapungua. Sikumbuki kula kiasi kile.

Ijumaa, 10 Februari

Sikwenda msikitini. Goti! Esmailji alipokwenda msikitini kwao, nikaingia uani kwake na spana. Plagi yake ya nne kwangu, yangu kwake. Hata jasho sikutoka. Nikawasha.

Tukutuku-pwa.

Nikaomba basi na yake imisi, twende sare. Karudi, kawasha. Laini kama paka aliyeshiba! Plagi yangu mbovu imepona kwake makusudi, kunikomoa tu.

Jumamosi, 11 Februari

Mwanamkasi kamwita Timotheo bila kuniuliza. Timotheo akataka kujua kama nimejaribu plagi nyingine. Nimejaribu. Ya nani? Nikakohoa.

Akasema, "Basi babu, umebadili plagi, ugonjwa umebaki palepale. Plagi haina kosa."

Akaufuata waya wa nne kwa kidole hadi nyuma ya betri. Umetafunwa! Meno ya panya, matumbo ya waya nje, cheche yote inavujia kwenye bati. Halafu akanusa. Akanusa tena. Akatoa gazeti.

Mwanamkasi alikuwa nyuma yangu. "Mwezi mzima papa anapotea jikoni, nampiga mawe paka wa jirani Bertha! Kumbe paka naye ana kanzu!"

Waya kama ule haupatikani. Nikaitazama Pijo ya Esmailji. Timotheo akanishika mkono: hapana, babu.

Jumapili, 12 Februari

Bibi harusi kapanda kwa Esmailji. Mimi kiti cha nyuma, nimebanwa kati ya mjukuu na shangazi yake mnene. Gari likateleza hadi Tongoni bila kukohoa. Wanawake vigelegele, Esmailji hivi, Esmailji vile. Nikapiga hesabu. Silinda nne, na moja inakwenda kwa plagi yangu. Basi robo ya bibi harusi nimempeleka mimi! Nikamnong'oneza mjukuu habari hiyo njema.

Akasema, "Babu, unanuka papa."

Jumatatu, 13 Februari

Mwanamkasi kakagua chini ya kitanda, darini, ndani ya Pijo, hata mifuko ya kanzu. Kipande alichoninyang'anya kimetoweka tena jikoni. Maskini paka wa Bertha, safari hii kaombwa radhi mapema.

Hatakipata. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikiweka kwenye gari langu. Kumbe jirani ninaye, ana gari zima, lina joto, na boneti hajui hufunguliwa wapi. Leo adhuhuri, alipokwenda kusali, nimepita kumsalimia. Nyuma ya betri yake pana nafasi nzuri kuliko kwangu.