Namba Zimeibwa Kabla Sijaziiba

Duka la Uaminifu,
Mabatini, Mwanza.

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Sabuni,

YAH: WIZI WA VIKARATASI VYA BAHATI NASIBU NDANI YA PAKITI

Natumaini hujambo, wewe na mashine zako. Mimi sijambo kidogo tu, kwa sababu nimeibiwa, tena kitu nilichokihangaikia kwa jasho langu.

Tangu mtangaze kwamba kila pakiti ya sabuni ya unga ina kikaratasi chenye namba, na mwenye bahati atapata pikipiki, sina raha. Mzigo ukifika nafunga mlango wa duka, nachemsha birika, nafungua pakiti kwa mvuke, natoa vikaratasi, kisha naziba kwa uji wa muhogo. Mke wangu Kemilembe anasema ningekuwa makini hivyo shuleni, leo ningekuwa daktari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila namba ninayotuma kwa simu inajibiwa, "Namba hii imeshatumika." Kila moja! Maana yake kuna mtu anafungua pakiti kabla yangu. Ndugu Meneja, uaminifu umekwenda wapi?

2. Mwizi huyo ana ufundi kunizidi. Hararui karatasi, wala haachi alama ya uji. Nimemshuku dereva wa lori, nikamshuku muuza jumla wa Igoma, na Jumapili nikamshuku hata katekista, maana shati lake lilikuwa jeupe kupita kiasi.

3. Aibu naibeba mimi. Bibi Bernadeta, mjane anayefulia watu nguo hapa jirani, alikuja na pakiti tupu, akaniuliza mbele ya wateja, "Jovinary mwanangu, kikaratasi changu umekipeleka wapi?" Nilimfukuza, nikasema duka hili halina mwizi. Tangu hapo wateja wanavuka barabara kwenda duka la Mashimba, na mimi nabaki na nzi. Inaniuma sana.

4. Kwa hiyo naomba mtafute gundi ambayo mwizi wa kwanza hawezi kuifungua lakini mimi naiweza. Ikishindikana, wekeni vikaratasi viwili, cha muuzaji na cha mteja, ili kila mtu aibiwe chake. Fidia yangu iwe pikipiki.

Wasalimie wafanyakazi wote, isipokuwa yule anayejijua. Kemilembe naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Wako katika uaminifu,
Jovinary Cleophace

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani jana Kemilembe alipofuta meseji za michango ya harusi zilizokijaza kitochi changu, ile simu ndogo ya vitufe. Nieleze kwamba kila namba huwa naituma kwanza kwa kitochi. Nikiona kimya, naituma tena kwa simu kubwa. Basi majibu yaliyokwama yakaingia kwa mpigo. Mwizi niliyemtafuta mpaka kanisani ni mimi.

Meseji moja inasema nimeshinda pikipiki, nije na simu hii pamoja na pakiti yenye namba hiyo hiyo chini yake. Nimezunguka kwa wateja wote. Wengi pakiti zao walishazitumia kuwashia jiko. Yenyewe anayo Bibi Bernadeta, ameitunza kama ushahidi wa kunipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nimempa shikamoo, nimeomba radhi, nimelia kidogo. Amekubali tuje kwenu pamoja, pakiti akiishika mwenyewe. Pikipiki iandikeni jina lake. Mimi nipeni kofia ngumu tu, ile inayofunika uso wote, nirudi nayo Mabatini.