Gemu Bila Kuandika Programu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua rasmi: nitakuwa mtengenezaji wa gemu. Mama ameamua lingine. Anasema tangu nimalize shule nimekuwa kama pazia, nipo tu dirishani. Nisipopata pa kwenda kufikia Jumamosi, Jumatatu ijayo naanza saluni kwa shangazi, kupokea wateja. Kupokea! Yaani kusalimiana na watu nisiowajua, kutwa nzima! Mimi hata shangazi mwenyewe akinipigia simu husubiri ikatike, kisha namwandikia kwamba nilikuwa naoga. Anaamini mimi ndiye mtu msafi kuliko wote katika ukoo.

Studio ya gemu iliyo juu ya duka la miwani inatafuta mwanafunzi mmoja. Sharti: Jumamosi uje na gemu yako, iwe inachezeka. Binamu yangu yuko huko tangu mwaka jana, na hatupumui kwa sifa zake. Aliposikia akacheka sana. Mdogo wangu, akasema, bila kujifunza kuandika programu utatoka kapa.

Tutaona. Yeye ana programu. Mimi nina mawazo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata zana inayojisifu kwamba haihitaji programu hata chembe. Unaburuta vipande tu kwenye skrini. Gemu yangu: paka anatoka jikoni kwenda paani kumfuata mwanawe, na mbwa analinda ngazi. Nimemchora paka katika mikao thelathini na miwili. Masharubu peke yake yamekula asubuhi nzima.

Nikabonyeza. Paka akapenya sakafu, akaanguka. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi bado anaanguka.

Zana ikaniuliza: paka akigusa sakafu, nini kitokee? Swali gani hilo! Asimame! Paka gani hajui kusimama?

Nimeifuta. Ile ni programu iliyojifunika shuka.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, wa kipaji kabisa. Gemu ya karatasi! Nimechora ghorofa nne kwenye boksi la friji. Paka ni kifungo cha koti, mbwa ni kizibo, na kompyuta ni mimi.

Bibi amekubali kuijaribu. Bibi ni mwizi! Hatua ya kwanza tu akampitisha paka ukutani. Nikamwambia, Bibi, huo ni ukuta. Akauliza imeandikwa wapi kwamba paka hapiti. Nikaandika. Akamrusha paka juu ya mbwa. Nikaandika. Akamtia mbwa mfukoni, akasema sasa njia nyeupe, mjukuu wangu. Nikaandika hilo pia.

Alhamisi, 6 Machi

Sheria zimejaza kurasa kumi na tisa za daftari. Mkono unauma, kwa hiyo nafupisha. "Kama paka yuko mlangoni na hana ufunguo, mlango usifunguke. La sivyo ufunguke, na ufunguo upungue mmoja." "Rudia mpaka mbwa alale."

Bibi amegundua kwamba akipanda na kushuka ngazi ileile anapata samaki wa zawadi bila mwisho. Samaki mia moja na kumi na wawili! Nikaweka kikomo. Akanuna mpaka nilipomwachia kumi.

Binamu alichungulia daftari akatabasamu. Sikupenda. Akaniuliza kama najua ninachofanya. Nikamjibu najua sana: nakwepa.

Jumamosi, 8 Machi

Wenzangu wote walibeba kompyuta. Mimi boksi la friji, limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Ngazini nilitaka kugeuka. Nikawawaza wateja wa saluni. Nikapanda.

Nimekuwa kompyuta kwa dakika arobaini, na ajabu, kompyuta haina haya! Mtu akikosea inasema tu "haikubaliki". Nimelisema hilo mara kumi na moja, mbele ya watu saba, kwa sauti!

Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, alijaribu kupita ukutani. Ukurasa wa kwanza! Akajaribu kumwiba mbwa. Ukurasa wa pili! Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Kisha akalisoma daftari lote. Akasema, binti, hii tayari ni programu, imebaki kuiandika kwa namna ambayo mashine itaielewa. Nafasi ni yako. Utajifunza miezi mitatu, na binamu yako ndiye atakayekufundisha.

Nikakubali. Kubisha kungenipeleka saluni.

Jumapili, 9 Machi

Mama anaimba jikoni. Mimi nimetafakari. Msimamizi ni mtu mwema, ila amechanganya mambo. Programu ni kazi ya akina binamu. Mimi niliandika sheria tu. Gemu nzima, bila programu hata mstari mmoja! Ushindi mtupu.

Kesho naanza, na njia ya kuyakwepa hayo masomo nimeshaipata. Nitabuni maandishi yangu ya siri. Kila sheria mstari mmoja, alama chache, bila neno la ziada, wazi kiasi kwamba hata mashine ikisoma itatii yenyewe bila kuniuliza maswali.

Nimepiga hesabu. Itanichukua kama miezi mitatu. Binamu hatagundua kitu.