Stuli Yangu Haitikisiki

Jumatano, 6 Novemba
Mtihani wa kuchomelea ni Jumamosi. Kila mtu aunde stuli ya chuma. Baba mdogo Elkanah ameahidi: nikipita, kazi ninayo kwenye karakana yake Homa Bay. Nikianguka, narudi kisiwani Remba kuanika omena, dagaa wa ziwani, kwa shangazi Pamela. Mimi na omena hatupatani. Wala mimi na chuma. Leo kijiti cha kuchomelea kiliganda, nikakivuta hadi mashine ikaanguka. Lynnet, hodari wa darasa, akasema kuku wao huvuta mnyoo kwa akili zaidi. Namchukia.

Alhamisi, 7 Novemba
Mungu ni mwema! Wasabato watafanya mtihani wao Jumapili. Nimemwambia Mwalimu Mokeira kwamba mimi ni Msabato. Kwa kweli mimi ni Mkatoliki tangu utotoni, lakini Jumamosi nitachungulia dirishani, nione Lynnet anavyofanya, kesho yake niige. Mwalimu alinishika mikono yote miwili. Kumbe yeye ni shemasi wa Wasabato! Jumamosi tutaenda kanisani pamoja, siku nzima. Nibebe chakula cha kula na wenzangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Jioni nikaingia karakana kufanya mazoezi. Mwalimu akazima umeme. Akanikumbusha kuwa jua likizama Sabato imeingia. Nikasema furaha ilinisahaulisha.

Jumamosi, 9 Novemba
Kiti cha mbele kabisa. Maombi yalipoisha nikapiga ishara ya msalaba. Watu wakageuka. Mchana nikafunua chakula changu kwa fahari: mumi, kambare mnene wa kukaushwa, zawadi ya shangazi. Msabato hali samaki asiye na magamba, na hilo huku ziwani hata mtoto analijua. Joyline wa kwaya akahamisha sahani yake. Mwalimu akawaambia mimi bado ni mchanga katika imani. Niliona aibu hadi masikioni. Lynnet naye amemaliza mtihani bila mimi kuona hata cheche.

Jumapili, 10 Novemba
Stuli imesimama! Mwalimu akasema nimpelekee aikague. Haikuinuka. Miguu miwili nilikuwa nimeichomelea kwenye meza ya chuma. Desturi ya karakana yetu ni kwamba aliyeunda kiti hukikalia kwanza. Nikapanda mezani, nikakaa. Haikutikisika hata kidogo. Mwalimu akauliza mteja ataibebaje. Nikamjibu anunue na meza. Lynnet, aliyekuja kuchukua aproni yake, alicheka hadi akaketi chini. Nimeanguka.

Jumatatu, 11 Novemba
Shangazi amepiga simu. Ameshatandaza nyavu za kuanikia omena. Naogopa, kusema kweli. Lakini Mwalimu amenihurumia: nitarudia mtihani Jumatano ya wiki ijayo, mradi nishike chuma kila siku. Lynnet mwenyewe amekuja na vipande vya chuma, amejitolea kunifundisha bure. Nimemwambia aviweke chini kwanza. Nimemuuliza ni kanisa gani hupumzika Jumatano. Amesema hakuna.

Basi nitalianzisha. Muumini mmoja tayari ninaye: mimi.