Siti za Nyuma za Basi 47

Ijumaa, 8 Machi 2013

Leo naanza daftari hili, na naahidi kuandika yote, hata yale yatakayonionyesha kuwa mjinga. Mama anasema shajara ya uongo ni karatasi iliyoharibiwa.

Kwanza: nina bendi. Mimi sipigi chochote. Ni meneja, ingawa wenyewe hawajaambiwa. Baba anaimba na kupiga gita. Anko Augustine, mlinzi wa duka moja hapa Uarabuni, mtaa wa Al Sadd, anapiga banjo. Anko Herbert, mpishi wa hoteli, anapiga ndoo mbili zilizokuwa za achari. Muziki wao ni roki ya Kusini mwa Marekani, ile yenye vumbi la kantri ndani yake. Baba aliisikia redioni Bomet akiwa mtoto, akikamua ng'ombe. Maneno wanatunga wenyewe, kwa Kiswahili. Hakuna kampuni ya muziki inayojua kwamba wapo.

Pili: hawana mahali. Hapa kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, banjo ikikohoa tu jirani anagonga ukuta. Kwenye vyumba vya akina Anko, ala haziruhusiwi. Kwa hiyo wanafanyia mazoezi ndani ya basi la kazini kwa Baba. Baba ni dereva: kila Ijumaa huwaleta wafanyakazi wa kambini mjini wakanunue vitu vyao, kisha huwasubiri kwa saa nne kiwanjani nyuma ya maduka, injini ikinguruma ili kiyoyozi kisizime. Saa nne hizo ndizo bendi.

Bwana Fabian, msimamizi wa magari, hajui. Akijua, Baba atakatiwa viza. Mama huyasema hayo kila Alhamisi jioni, kama sala.

Leo nimewarekodi kwa simu wakiimba "Ngamia Hapajui Kwetu". Nimeuweka mtandaoni. Sikuuliza mtu. Umetazamwa mara tatu. Mara mbili ni mimi.

Jumapili, 10 Machi

Mara mia tisa! Nilifurahi kwa muda wa nusu kikombe cha chai. Kisha nikatazama vizuri. Nyuma ya kichwa cha Baba, kwenye kitambaa kilichovishwa siti, jina la kampuni. Chini yake, namba ya basi: 47. Inasomeka kuliko uso wake.

Nimeufuta wimbo kabla chai haijapoa. Baba hajui lolote, anaimba bafuni.

Jumatatu, 11 Machi

Kuufuta hakukusaidia. Douglas, dereva wa basi letu la shule, alikuwa anausikiliza kwenye simu yake asubuhi. Alisema katumiwa na shemeji yake aliyeko Nakuru, ambaye naye alitumiwa. Alisema huyo jamaa anaimba kama mtu aliyeachwa na mke na ng'ombe siku moja. Akaniuliza kama namjua. Nikasema hapana. Hilo ni kosa langu la pili wiki hii na naliandika.

Nilikaa siti ya mwisho nikahesabu: kila anayeupenda wimbo ni hatua moja kuelekea kwa Bwana Fabian. Sijawahi kusikia meneja anayeomba bendi yake isahaulike. Usiku huu nimeomba.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata njia. Ushahidi ni vitambaa. Bila vitambaa, basi 47 ni basi kama mengine.

Baba alipokuja kula mchana, basi likiwa limeegeshwa chini ya nyumba, nilichukua funguo mezani nikasema nimesahau kalamu humo. Nilivua vitambaa thelathini na viwili. Vimejaa kwenye mkoba wa shule na foronya mbili. Sasa viko chini ya kitanda changu. Vinanuka mafuta ya nywele ya kambi nzima. Siwezi kulala, lakini Baba yuko salama.

Jumatano, 13 Machi

Hayuko salama.

Simu ya Baba iliita akiwa anaoga. Jina: Fabian. Niliipokea kwa hofu kwamba nisipoipokea atakuja mwenyewe. Alisema anataka kujua vitambaa vya basi 47 vimeenda wapi.

Nikamweleza. Nilianza na vitambaa, nikaendelea na wimbo, banjo, ndoo za achari, saa nne za kila Ijumaa. Nilimsihi asimkatie Baba viza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: wimbo gani?

Hakuwa ameusikia. Alidhani vitambaa vimepelekwa kwa dobi.

Alhamisi, 14 Machi

Baba ameitwa ofisini. Amerudi na barua ya onyo. Viza ipo. Bwana Fabian amesema ya pili haitakuwa barua, itakuwa tiketi ya ndege. Funguo za 47 zimechukuliwa. Sasa Baba ataendesha gari dogo la wapishi saba, na Ijumaa hakuna kusubiri mtu. Baba anasema mudir, yaani bosi wa kampuni, aliutazama wimbo mara mbili mbele yake, na mara ya pili haikuwa na ulazima wowote.

Hakunipiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, juu ya vile vitambaa, akasema: "Dama, mwizi hukimbia kimya. Wewe umekimbia umebeba kengele." Gita lake ameliweka juu ya kabati. Nimeapa mbele yake na Mama: sitapanga tena chochote.

Jioni Anko Augustine alipiga simu. Wauguzi wa Kenya wana sherehe ukumbini tarehe 29 na wanaitaka bendi ya "Ngamia". Baba alisema asante, lakini bendi bila mahali pa mazoezi ni wanaume watatu na ndoo mbili. Kisha akaniomba nizime taa.

Jumapili, 17 Machi

Naandika ndani ya basi la shule. Nimefikiria siku tatu na nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi: vitambaa.

Basi hili hulala bure kila Ijumaa. Siti zake hazina kitambaa hata kimoja. Nimekagua zote. Jina la shule liko ubavuni tu, na shuka mbili zinatosha kulifunika. Sijamwambia Baba, asije akaingiwa na hofu bure. Nimempenyezea Douglas karatasi begani, na bado vituo vitatu kabla sijashuka:

Anko Douglas, yule jamaa wa ng'ombe ni baba yangu. Je, kiyoyozi cha basi hili hufanya kazi likiwa limesimama? Tafadhali nijibu sasa hivi, kwa kutikisa kichwa tu.